Mahari Petu

“Modesta ni nani?”

Odeta aliuliza akiwa amesimama, simu sikioni, mkono wa pili kiunoni. Nyuma yake, kwenye kompyuta, jina la bibi harusi wa watu lilikuwa likidondoka herufi moja moja, likitua, likirudi juu na kudondoka tena.

Upande wa pili zilisikika mashine za barafu za mwaloni, kwenye soko la samaki, ambako Luhende alikuwa fundi.

“Luhende, si nakuuliza? Modesta ni nani?”

“Nani amekuambia habari za Modesta?”

“Umeniambia wewe! Umenitumia sauti, halafu ukaifuta. Ulidhani sijaisikiliza?”

“Odeta mpenzi, ire haikuwa yako. Iriteleza tu.”

“Najua haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba yako mdogo!”

“Basi subiri Jumamosi. Jumamosi utajua yote.”

“Jumamosi mwambie Modesta wako!”

Akakata simu, akambloku palepale, akakaa kitandani na kulia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Ile sauti ilikuwa fupi, na alishaikariri: “Shikamoo baba mdogo. Mahari kwa Modesta tayari. Jumamosi njoo na shangazi muone. Odeta asijue kwanza.”

Mahari. Kwa Modesta. Odeta asijue. Miaka mitatu ya mapenzi, na kumbe mwenzake anapeleka mahari kwingine! Nani asingelia?

Odeta kazi yake ilikuwa kuyachezesha maandishi. Ukitaka jina lako liingie kwenye video ya harusi likielea au likijiandika lenyewe, unamtafuta yeye. Siri yake ilikuwa moja, na aliirudia kwa kila aliyeuliza: herufi zisianze pamoja. Ya kwanza ikianza, ya pili isubiri fremu tatu za video, ya tatu isubiri nyingine tatu, na kila moja itue polepole kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini. Kazi hiyo aliifanyia chumbani kwa mama yake mdogo, Mkuyuni, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa umeme unayumba, kompyuta inazima, na saa tatu za kazi zinakwenda na pumba. Luhende alikuwa amemkuta akilia kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja.

Sasa kuna jambo ambalo Odeta hakupenda kulikumbuka. Mwaka uliopita, kwenye sherehe ya rafiki yao, Luhende alipewa kipaza sauti. Kijana wa Usagara, ulimi wa kwao usiotofautisha R na L, akasema kwa moyo wake wote: “Nawatakia halusi njema!” Kesho yake Odeta akatengeneza video: neno HARUSI limesimama vizuri, mara L inaingia mbio, inaipiga R kikumbo na kukaa mahali pake. Akaiweka status. Watu walicheka hadi wakaomba watumiwe. Luhende naye alicheka, lakini tangu siku ile akaanza kuichomeka R kila alipoikumbuka, hata pasipohusika. “Umerara sarama?” “Nimekura ugari.” Odeta aliona ni utani wake mpya.

Ijumaa asubuhi akaingia Josephat, anayekodisha skrini kwenye sherehe, rafiki wa Luhende wa tangu shule.

“Dada Odeta, nina kazi ya haraka. Maneno mawili tu, yatoke herufi moja moja. Ya kesho.”

“Mteja nani?”

“Mteja amesema asitajwe.”

“Mteja ni Luhende.”

Josephat akaangalia dari.

“Josephat, dari haina jibu.”

“Dada, mimi nafunga skrini tu.”

Akaacha karatasi mezani na kutoka haraka. Odeta akaisoma: MAHARI PETU.

Damu ikamchemka. Yaani mwanaume ampelekee mwingine mahari, halafu yeye ndiye aipambie maandishi! Akakaa kwenye kiti. Atafanya kazi, tena nzuri kuliko zote. Herufi zitashuka kwa madaha, zitatua, na wakwe wakianza kupiga makofi zitavunjika vipande vipande na kujipanga upya: MWONGO.

Akaanza. M ikashuka, A ikaifuata, H, A. R akaipa mguu mrefu wa dharau. Akamaliza neno la kwanza, akaingia la pili. P. E. T. U.

Mkono ukasimama juu ya kipanya.

Petu?

Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiswahili kabla ya kustaafu kwao Magu, na nyumbani kwa mwalimu mtu hakosei ngeli akala kwa amani. Mahari ni yetu. Nyumba ni yetu. Kitu kinachokuwa petu ni kimoja tu.

Akampigia Josephat.

“Haya maneno ameandika nani?”

“Mimi. Yeye alinitumia sauti, nikaandika nilivyosikia.”

“Alisema petu au yetu?”

“Petu. Kwani vipi?”

“Josephat, Modesta ni nani?”

“Dada, nimeapa.”

“Nijibu moja tu. Ana umri gani?”

“Mama Modesta? Ana wajukuu wanne yule! Si ndiye mwenye zile fremu mpya za biashara pale Buhong...”

Akakata simu, lakini maji yalishamwagika.

Odeta akaiweka simu mezani taratibu. Fremu ya Buhongwa. Mahali, kwa Modesta. Mahali pa kufanyia kazi, mbali na mashine ya kusaga. Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, maana sasa aliona mwanzo wa yote. Ile R iliyokaa pasipo pake, aliyeipanda ni yeye, kwa video ya kuchekesha watu. Mpenzi wake alikuwa akihangaika na ulimi wake mchana kutwa ili asichekwe tena.

Simu ikalia. Ujumbe mfupi wa kawaida, maana kule kwenye sauti na status alishambloku:

“Odeta nisamehe kama nimekosea. Kuongea kwangu unakujua. Njoo kesho Buhongwa kwenye fremu za karibu na soko, hata kama ni mara ya mwisho.”

Akajibu neno moja: “Nakuja.” Halafu akaifuta MWONGO na kuanza upya.

Jumamosi fremu ilikuwa inanuka rangi mbichi. Baba mdogo Nkwabi alikuja na shangazi kutoka Usagara, Mama Modesta amekalia ndoo iliyopinduliwa, funguo mkononi. Luhende alivaa shati la kanisani, ingawa mikono ilikuwa na harufu ya sato vilevile.

“Shikamooni,” Odeta akasalimia.

“Marahaba, mama,” wakajibu pamoja.

Luhende akasogea, macho chini.

“Odeta, hapa ni... mimi nirikuwa nataka...”

“Subiri. Josephat, washa.”

Herufi zikashuka moja moja: MAHARI PETU. Shangazi akamkonyeza Nkwabi. Luhende akaona kosa, akajishika kichwa.

“Mungu wangu. Nimeharibu tena.”

“Angalia,” Odeta akamwambia.

Kichwa cha R kikafunguka, mguu wake ukateleza hadi chini na kulala. Ikawa L. MAHALI PETU. Mama Modesta akapiga makofi, funguo zikalia. Lakini Odeta hakupiga makofi, kwa sababu kazi haikuwa imekwisha. Ile L ikajiinua tena, ikaota kichwa, ikaota mguu. Na lile neno la pili likageuka, herufi moja baada ya nyingine, kila moja ikimsubiri mwenzake:

MAHARI LINI?

Nkwabi akalipuka kwa kicheko.

“Luhende! Umeulizwa na mwanamke! Jibu!”

Luhende alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati.

“Odeta, mimi niritaka tangu zamani. Niriogopa kwenda kwa mwarimu. Niriwaza, nikimwambia mzee nimekuja kwa ajiri ya mahali, atanionyesha kiti.”

Wote wakacheka, isipokuwa Odeta. Alimshika mikono miwili.

“Nisamehe, Luhende. Niliucheka ulimi wako mbele za watu, ukaanza kuogopa kuongea na mimi. Nakupenda na ulimi wako huohuo. Ongea ulivyozaliwa.”

“Kweli?”

“Kweli. Baba akikuonyesha kiti, kaa. Nitakuwa pembeni yako.”

Luhende akavuta pumzi, akanyoosha mgongo, akaongea kwa sauti ya mtu aliyevua viatu vinavyobana.

“Basi mahali tunapeleka mwezi ujao. Na halusi, Desemba!”

Shangazi akapiga vigelegele hadi watu wa fremu za jirani wakatoka nje.

Mwalimu alipokea mahari, na kiti kweli alikitoa. Novemba kadi ya mwaliko ikamfikia kwenye simu, maandishi yakicheza. Akampigia bintiye bila hata salamu.

“Odeta, kusoma nilikufundisha mimi. Hapa umeandika HALUSI!”

“Nimeona, baba.”

“Basi sahihisha kabla haijasambaa.”

Odeta akamtazama Luhende, aliyekuwa juu ya ngazi akifunga taa fremuni, akiimba kwa ulimi wake wote.

“Hapana, baba,” akasema. “Iache hivyohivyo. Ndivyo mume wangu anavyoitamka.”