Tundu la Tatu

"Mzigo umeingia. Magunia sita, uzi mwekundu. Chepusha."

Jasusi Kanyiva alikuwa amepiga magoti kando ya mkanda wa kusafirishia magunia, katika kiwanda cha ndengu mjini Mwingi. Kipokea sauti sikioni, bastola ya Glock ndani ya ovaroli. Gathua, mwenye kiwanda, alimwajiri kama fundi wa kuchomelea, atengeneze mkono wa chuma wa kusukuma pembeni magunia yasiyojaa, yapite dirisha la ukutani hadi banda la makapi. Hakujua ameajiri nani. Pole yake.

Magunia hayo sita, yaliyoshonwa kwa uzi mwekundu, yalibeba baruti ambayo Gathua alipanga kulipulia daraja. Mkanda ungeyafikisha kwenye lori, na dereva, Mutunga, aliamini anabeba ndengu tu.

"Vamieni basi," Kanyiva alinong'ona.

"Gathua akituona anabonyeza simu ya kulipulia, mnalipuka nyote." Huyo alikuwa Musyimi, mkuu wake, aliyejificha na wataalamu wa mabomu nyuma ya ukuta, kwenye banda la makapi. "Kifaa chetu cha kuzima mawimbi ya simu hakifiki huko ndani. Lete mzigo huku."

Shida ilikuwa pembe. Gathua alitaka mkono ukae pembe moja tu. Gunia jepesi lingesukumwa vizuri, lakini zito la baruti lingekwama na kupasuka. Kanyiva alikuwa ametoboa bamba la mkono matundu matatu: mawili ya pembe aliyoitaka Gathua, na la tatu la siri, akaliziba kwa grisi. Pini inayoshikilia mkono ikihamia hapo, mkono unalala zaidi na gunia zito linateleza taratibu.

Lakini Gathua hakumwondolea macho.

Ilibaki nafasi moja. Hapa mashine haiwashwi kabla ya maombi, na anayeongoza ni Nzisa, mke wa Mutunga.

"Dada, leo omba mpaka nikohoe," Kanyiva alimnong'oneza.

"Kwani kuna nini?"

"Ni maisha ya Mutunga."

Nzisa alimtazama. Akaenda kusimama mbele ya wafanyakazi.

"Tufumbe macho," akasema.

Gathua, mzee wa kanisa, akafumba. Mbele ya wafanyakazi wake angefanyaje? Nzisa akaombea mvua, akaombea watu wa vijiji vya Matinyani na Tulia, akaombea breki za lori. Gathua akasema "Amina" kwa nguvu ili amkatize. Nzisa akahamia kwa wagonjwa.

Pini ilikuwa imekwama. Kanyiva akaigonga kwa kiganja hadi ngozi ikachubuka. Ikatoka. Ikaingia tundu la tatu.

Akakohoa.

Mkanda ukanguruma. Ndengu zikapita. Kisha uzi mwekundu.

Kanyiva akakanyaga kanyagio la mashine. Mkono ukashuka, gunia likageuka, likateleza kupitia dirisha la ukutani hadi bandani. Yakafuata mengine, moja moja, mpaka la sita.

Gathua akaja mbio kutoka kwenye lori, simu mkononi.

"Fundi, magunia yangu iko wapi? Rudisha ama nilipue hii kiwanda yote."

Wafanyakazi wakaganda. Kanyiva alikuwa amechoka na watu wa aina hii. Akasimama mbele ya Nzisa, kifua mbele.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Akabonyeza tena.

Hakuna kilicholipuka; bandani, kifaa cha Musyimi kilikuwa kimeshazima mawimbi.

Polisi wakaingia.

"Nilikuambia pembe ni moja," Gathua alifoka huku akitiwa pingu. "Nani alikuruhusu utoboe ingine?"

"Sikuomba ruhusa."

Nje, Nzisa alikuwa amemshika Mutunga shati kwa mikono miwili, akilia, naye Mutunga akiuliza amekosa nini. Kanyiva akawapita, akajifuta grisi, akashika barabara ya Garissa bila kugeuka.