Figa la Tatu

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalimkuta mdogo wangu wa tumbo moja, Shamsia, nami nilikuwepo, na kosa lililoyaleta ni langu. Asiyeamini asiamini. Mimi kazi yangu ni kuuza vitumbua hapa Dunda, sina faida ya kumtisha mtu.

Shamsia amepanga Zinga, kwenye nyumba ya ushirika wa nyumba. Ana mtoto mmoja, Najma, wa miaka sita, na Najma ana pumu. Ukimsikia anavyoitafuta pumzi, unajikuta na wewe unamsaidia kuivuta. Basi ushirika ulipotangaza kwamba umeungana na chuo cha ufundi kuondoa kuni na mkaa kwenye nyumba zake, ili zisitoe hewa ukaa, Shamsia alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Hiyo hewa ukaa yenyewe wala hakuijua vizuri. Alichotaka ni moshi umtoke mwanawe kifuani.

Walikuja Jumatatu asubuhi, wanafunzi sita na mwalimu wao, Gertruda, mama mpole wa kutoka bara. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia mdogo wangu kuhamisha vyombo. Waliweka dari ya kuzuia joto, wakafunga sola juu ya bati, wakaleta jiko la umeme la presha. Ukutani wakapachika kikasha cheupe cha kupima moshi. Taa ya kijani, hewa safi. Nyekundu, kuna moshi. Namba zake mwalimu anazisoma hukohuko chuoni.

Likabaki jiko la zamani la uani, chumba cheusi kwa masizi alimopika marehemu Bi Hajra miaka arobaini, kabla wanawe hawajauuzia ushirika nyumba. Mafiga yake matatu yalikuwa bado yapo. Wanafunzi walitakiwa kuziba dirisha la chumba kile kiwe stoo, na kokoto zikawapungukia.

"Mama, haya mawe mnayahitaji?" Mwalimu Gertruda akaniuliza.

Kwetu figa halitupwi wala halivunjwi. Mwenye jiko akihama au akifa, mwanamke anayebaki huyamwagia mafiga maji kwa mkono wake, akaliaga jiko, kisha ndiyo huyaondoa. Na lile la tatu, la nyuma, linalobeba uzito, hutoka kwa mama likaenda kwa binti. La mama yetu nililirithi mimi, likakaa jikoni kwangu Dunda, kwa kuwa ndimi mkubwa. Yote haya nayajua tangu sijavunja ungo. Lakini jua lilikuwa kali, nimechoka, na mbele ya wasomi nikaona haya kuonekana mshamba.

"Jiwe ni jiwe tu, mwalimu," nikasema. "Vunjeni hilo la nyuma."

Wakalivunja kwa nyundo, likaingia kwenye zege, dirisha likazibwa. Mawili yaliyobaki wakayaacha palepale.

Siku tatu Najma alilala bila kukohoa. Shamsia akanipigia simu kunishukuru, eti nimemletea baraka. Siku ya tano akapiga tena, sauti imekauka. Mwalimu alikuwa amempigia kumuuliza kwa nini amerudia kuni.

"Kila siku saa saba mchana namba zinapanda, dada. Nusu saa, halafu zinashuka. Ushirika umeshajua. Wanasema watanyang'anya jiko."

"Na wewe umepika na kuni?"

"Wallahi sijapika. Na Najma ameanza tena kukohoa."

Nikamwambia kifaa ni kibovu. Kesho yake nikafunga biashara mapema, nikaenda kukaa naye nione kwa macho yangu.

Saa saba kasoro. Jua la utosi, saa ambayo marehemu mama alikuwa hatuachii kutoka nje. Jiko la umeme lilikuwa la baridi, nililigusa mwenyewe. Najma amelala mkekani. Sisi tumekaa kizingitini, tunakitazama kikasha.

Taa ikawa nyekundu.

Harufu ikaja nyuma yake. Kuni, na tui la nazi linalochemka. Shamsia akanishika mkono.

"Dada," akanong'ona. "Najma yuko wapi?"

Mkeka ulikuwa mtupu. Hakuna aliyekuwa ametupita.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Wa stoo pia. Tukaingia. Hakuna moto. Hakuna moshi wa kuonekana. Mafiga mawili yako mahali pake. Na pale pa la tatu, Najma.

Amechuchumaa. Amekumbatia magoti. Kichwa ameinamisha, shingo imekaza mpaka mishipa imesimama. Anabeba kitu. Sisi hatukioni.

"Najma," nikaita taratibu.

"Usiniguse, mama mkubwa." Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. "Kitamwagika."

Nikamnyanyua hivyohivyo. Nyuma yangu chungu kikavunjika, nakisikia kabisa, na maji ya moto yakanirukia visigino. Nikageuka. Sakafu ilikuwa kavu.

Tulimtoa uani kwenye mwanga. Nywele zake zilikuwa za moto. Utosini kulikuwa na duara la masizi, upana wa kitako cha chungu, na sabuni haikulitoa. Jioni pumzi ilimbana mpaka midomo ikabadilika rangi, tukamkimbiza hospitali, wakamwekea hewa. Nikashusha pumzi. Nikasema angalau huku tuko mbali na nyumba ile.

Kesho yake, saa saba mchana, Najma akainuka kitandani wodini. Macho amefumba. Akachuchumaa juu ya shuka, akakumbatia magoti, akainamisha kichwa.

Hapo nikajua kuhama hakutusaidii kitu. Nikamweleza Shamsia nilichofanya siku ile ya Jumatatu. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Utalileta, dada?" akauliza tu. Nilijua anasema lipi.

Alfajiri nikalifunga figa la mama kwenye khanga, nikapakata mapajani juu ya bodaboda mpaka Zinga. Nililiweka pale alipochuchumaa mtoto. Nikamwaga maji kwa mkono wangu, nikasema, "Bi Hajra, nisamehe mimi niliyekuvunjia. Hili hapa la mama yangu. Jiko limezimwa, pumzika, na huyu mtoto muache." Mawe yalikuwa ya baridi. Maji yalitoa mvuke.

Saa saba nikakaa mbele ya kikasha. Taa ilibaki kijani. Shamsia akapiga simu kutoka wodini, analia: Najma amelala, hajainuka.

Sasa ni miezi miwili. Duara limefutika, na Najma anakimbizana na wenzake mpaka inabidi afokewe. Chuo kinaleta wageni kuitazama ile nyumba. Mwalimu Gertruda anasema hakuna yenye hewa safi kuipita, na wageni wakiuliza kwa nini stoo ina mafiga, Shamsia anawajibu kwamba hayo hayaguswi.

Mimi hapa Dunda nimebaki na mafiga mawili. Nilitafuta jiwe la kuongezea, likapasuka kabla sijawasha moto. Nikatafuta jingine, nalo vilevile. Sasa vitumbua napikia jiko la mkaa la kuazima. Wiki iliyopita jirani aliniingilia jikoni saa saba mchana, akanikuta nimechuchumaa nyuma ya yale mawili. Anasema aliniita mara nne, Bi Wahida, Bi Wahida. Sikumbuki. Nakumbuka harufu ya mchuzi wa mama tu, na uzito.

Shamsia hajui, na nimeapa asiambiwe. Akijua atataka kunirudishia jiwe, na jiwe likitoka pale najua ni nani atakayekaa mahali pake. Naogopa, sikatai. Shingo inaniuma kila siku. Ijumaa nilivua mtandio wangu mweupe wa kuswalia, ndani yake kuna duara jeusi. Nimeufua mara tatu.

Jana walikuja kunisalimia. Najma akanikalia mapajani, pumzi zake nyepesi, hazisikiki kabisa. Akanitazama utosini kwa muda mrefu. Halafu akanisogelea sikioni, mama yake asisikie.

"Usijitikise, mama mkubwa."

Sikujitikisa.