Pumzi Ndani ya Mitutu

Siku Verlin Sizemore aliporudisha nyumbani bunduki ya marehemu baba mkwe wake, mimi na mkewe Oleta tulikuwa jikoni tukikatakata maharage machanga. Mvua ilikuwa imekatika, matope yamejaa mlangoni, kama kawaida ya huku kwetu milimani Kentucky. Haya sikuhadithiwa. Mimi ni jirani yao, kijito tu ndicho kinachotutenganisha.

Verlin alitaka kumfurahisha mkewe. Ile bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, ilikuwa imeshika kutu, basi akaipeleka kwa siri kwa fundi Thurl Napier na kumwambia aondoe kila kasoro. Sasa mitutu iling'aa weusi, kitako kimelainika, na Verlin amesimama akichekelea kama bwana harusi.

Oleta akapitisha kidole ubavuni mwa kitako. Kidole kikasimama.

"Verlin, kile kigingi kiko wapi?"

"Kile kijiti kilichokuwa kimetokeza? Thurl amekichomoa, akapaziba vizuri. Huoni palivyopendeza, bibie?"

Oleta aliondoa kidole. Alikohoa kidogo, akaketi.

Verlin ni mtu wa bonde la ng'ambo, alikuja kwetu kuoa tu. Hakujua kwamba Oleta utotoni nusura afe kwa pumu. Baba yake alifanya walivyofanya wazee wetu wote: alimsimamisha mtoto kwenye mti wa mjozi, akatoboa tundu usawa wa utosi wake, akatia kishungi cha nywele zake na kupigilia kigingi. Mtoto akikua akalipita tundu, pumu hubaki mtini. Ila mti ukipotea, ugonjwa hurudi. Upepo ulipouangusha mjozi ule, mzee alichukua kipande kilekile chenye kigingi akachonga kitako cha bunduki, akaitundika ukutani. Oleta alikaa chini yake maisha yake yote akipumua kama sisi wengine. Hakuwahi kumwambia mumewe, maana Verlin angemcheka hadi Krismasi.

Kikohozi kikawa pumu. Daktari alimpa dawa ya kuvuta, ikamsaidia kidogo, kisha haikumsaidia. Na bunduki nayo ikaanza mambo yake. Kila kulipokucha Verlin alikuta utando mweupe umetoka kwenye ungio la mitutu miwili, kama chumvi ya jasho. Akiufuta, unarudi. Aliitoa mitutu kwenye kitako, akaitungika kwa kamba na kuigonga. Mitutu mizima hulia kama kengele, hii ilijibu kama chungu chenye ufa.

Nilitega sikio mdomoni mwa mtutu. Mle ndani kulikuwa na mtu anakoroma kifua. Oleta, kitandani kwake, alibana pumzi ili ameze dawa. Mtutu ukanyamaza.

Sijawahi kuogopa kitu cha chuma namna ile. Tulimwita Thurl, naye alipoigusa tu alibadilika rangi. Alikiri amezoea bunduki mpya. Mitutu hii ya zamani imeungwa kwa lehemu laini, naye, ili kuitia weusi, aliichovya katika chumvi zinazochemka, zikaila lehemu na kujificha ndani ya ungio. Dawa yake, alisema, ni kuziba mitutu na kuichemsha kwenye maji safi mpaka chumvi yote itoke.

Verlin, ambaye sasa nilikuwa nimemweleza habari ya kigingi, akamuuliza zile nywele za utoto wa mkewe alizitupa wapi. Thurl alitazama mlango wa chumba cha mgonjwa, akanong'ona.

"Nilizichoma, ndugu yangu. Unasema ni za mtoto? Zilikuwa mvi. Nilivuta, nikavuta, hazikuwa na mwisho."

Waliondoka na mitutu kwenda karakana. Nilibaki na Oleta, nikamwekea mito mgongoni. Alikuwa na nafuu. Akaomba chai.

Nilipogeuka, alikuwa ameketi wima.

Kinywa wazi. Hakuna sauti. Kifua hakipandi. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Nilikimbilia simu, nikapiga karakana.

"Mnafanya nini huko?"

"Ndiyo kwanza tumeziba mitutu," Verlin akasema. "Maji yanachemka."

"Zibueni."

Nilisikia nyundo. Nilisikia Verlin akilia. Vizibo vilikuwa vya mbao, vimeshavimba kwa maji ya moto. Kimoja kikatoka, na hapohapo Oleta akavuta pumzi moja ndefu. Cha pili kikagoma. Oleta alinishika mkono.

"Usimwambie ni yeye," akasema.

Pumzi ile ikatoka, haikurudi.

Nilimwambia Verlin ni moyo. Aliitikia kwa kichwa, akajifanya ameamini, nami nikajifanya sikuona.

Aliirudisha mitutu ukutani, mmoja wazi, mwingine na kizibo chake ambacho hata Thurl alishindwa kukichomoa. Alihamishia kiti chake pale chini. Nilipompelekea mkate wa mahindi, alinipa ishara niteremshe sauti.

"Polepole, jirani. Amelala."

Nilisogeza miwani yangu kwenye mtutu ulio wazi. Ikaingia ukungu, ikatakata, ikaingia tena. Taratibu, bila kukoroma. Nilikwenda zangu na sikumwambia mtu.

Verlin alifia kwenye kiti kile, majani yalipoanza kupukutika. Tulimzika kando ya mkewe, nami nikaenda kufunga nyumba. Kizibo kilikuwa sakafuni, kikavu. Hakikuwa na alama mpya ya koleo wala ya nyundo.

Nilivua miwani. Nikaisogeza kwenye mtutu wa kwanza, kisha wa pili. Yote miwili iliitia ukungu, kwa zamu, kama watu wasiotaka kuamshana.

Nikaacha dirisha wazi, nikaenda nyumbani.