BARUA ILIYOLALA KWENYE DROO YA MZEE BARTOLOMAYO

Bahasha ilikuwa na mwandiko wangu!

Nilikuwa nimesimama kwenye ofisi ya bosi wangu, droo iko wazi. Nilitumwa kuchukua funguo za stoo. Funguo nilizipata. Chini yake nikakuta bahasha ya kaki niliyomkabidhi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, mwezi wa pili.

Na siku hiyo ilikuwa mwezi wa nane.

"Dorothea!" Niliita bahasha ikiwa mkononi. "Dorothea, hebu njoo."

Dorothea alikuwa karani wa masjala. Ofisi ile hakuna karatasi iliyotoka bila yeye kuiandika kwenye daftari lake. Akaingia, akaangalia bahasha, halafu akaangalia dirishani.

"Ulijua?"

"Dada Yudith... kwangu haikufika."

"Mzee aliniambia imeshaenda Dar!"

"Kwangu haikufika, dada," akarudia, taratibu, kama mtu anayetoa pole msibani.

Nikakaa kwenye kiti cha bosi bila kukaribishwa.

Jamani, ngoja nirudi nyuma kidogo.

Kila wiki inboksi yangu inajaa vijana. "Mama Injinia, nimemaliza digrii ya uhandisi, nisome masta au nitafute kazi?" "Mama, nijiajiri?" "Mama, nibadilishe fani niende kwenye mambo ya fedha?"

Nilikuwa siwajibu. Sio dharau, wanangu. Jibu langu lina droo ndani yake, na nilikuwa naona aibu. Sasa nimestaafu, niko zangu Nkuhungu, hapa Dodoma, magoti yanauma, na aibu nayo imechoka. Leo nawajibu wote kwa mkupuo.

Mimi ni mtoto wa Bahi. Nilimaliza uhandisi mwaka 1990, darasa la watu themanini, wasichana watatu. Enzi hizo ukimaliza chuo hutafuti kazi, unapangiwa. Mimi nikapangiwa ofisi moja ya maji hapa hapa Dodoma. Sitaitaja.

Halafu miaka ya tisini ikaingia na mambo yake. Ajira zikasitishwa. Watu wakaanza kupunguzwa. Kampuni binafsi zikaota kila kona. Kila injinia akawa anajiuliza maswali haya haya mnayoniuliza ninyi.

Tulikuwa wahandisi vijana wanne chini ya Mzee Bartolomayo.

Damas akaenda benki. Ndiyo, injinia wa maji akaenda benki, na tai akafunga! Gideoni akasema nchi sasa ni ya biashara, akafungua duka la spea za mashine za kusaga. Castory akachukuliwa na mkandarasi wa barabara.

Nikabaki mimi.

Castory alikuwa akipita na gari jipya la kampuni, anapiga honi mpaka nitoke nje.

"Yudi, utaozea hapo! Njoo huku."

"Mimi nataka kusoma."

"Kusoma tena? Hujachoka tu?"

"Nataka nijue kwa nini tukichimba kisima kwetu maji yanatoka na chumvi."

"Sasa hilo si ulijue tu kwamba yana chumvi, basi!"

Tukacheka. Ila mimi sikuwa natania. Kule kwetu niliona kisima kikichimbwa, watu wakapiga vigelegele, ng'ombe wakaonja maji wakageuza vichwa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Ndiyo siku niliyotaka kuwa mhandisi.

Mwanzoni mwa 1994 likatoka tangazo la ufadhili. Uholanzi, masomo ya maji ya ardhini, mwaka mmoja na nusu. Masharti mawili tu yalinihusu. Umri uwe chini ya miaka thelathini. Na fomu ipitie kwa mwajiri.

Mimi nilikuwa natimiza thelathini mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huo au basi tena.

Sasa ninyi wa siku hizi hamjui habari ya "K.K." Serikalini ulikuwa huandiki barua ukaipeleka mwenyewe. Juu unaandika K.K., yaani kupitia kwa, halafu cheo cha bosi wako. Yeye anaweka maoni, anagonga mhuri, ndipo inakwenda mbele. Ukimruka umevunja nidhamu, na kipindi kile cha kupunguza watu, nani alitaka kuitwa mtovu wa nidhamu?

Nikaijaza ile fomu wiki nzima. Nikampelekea Mzee Bartolomayo.

Huyu mzee msimwone vibaya kabla sijamaliza. Ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo walinifundisha hesabu za pampu, yeye alinifundisha kuweka sikio kwenye bomba na kujua mashine inaumwa wapi. Nilipopata malaria kule porini alinibeba mgongoni mpaka kwenye gari. Nilimwita baba, na sikuwa namdanganya.

Wiki mbili baadaye nikamuuliza.

"Mzee, ile fomu yangu?"

"Imeshaenda, mwanangu. Tuombe Mungu."

Nikaomba Mungu! Kila Ijumaa nikawa nakwenda posta kufungua sanduku. Machi hakuna. Mei hakuna. Juni nikamwambia mama yangu, "Labda akili zangu zinatosha hapa hapa Bahi." Mama akanikatia ugali wa uwele akasema kula kwanza.

Kumbe Uholanzi hawajawahi hata kusikia jina langu, na muda wa kupokea fomu ulikuwa umeshapita.

Turudi kwenye droo.

Nikaifungua ile bahasha, Dorothea amesimama mlangoni. Fomu ilikuwa nzima. Nikafika ukurasa wa mwisho, sehemu ya maoni ya mwajiri. Nilitegemea kukuta patupu, au maneno mabaya.

Alikuwa ameandika hivi, kwa ule mwandiko wake wa kulala: "Huyu ni mhandisi bora kuliko wote niliofanya nao kazi, nami nikiwemo. Apewe nafasi."

Amesaini. Amegonga mhuri. Tarehe ni siku ile ile niliyompelekea!

Kilichobaki ilikuwa kumpa Dorothea tu, hatua kumi na mbili mpaka masjala. Hapo ndipo nililia. Angekuwa ameniponda ningejua pa kumweka.

Mzee alirudi kutoka mkutanoni saa nane mchana. Nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti chake. Nikasimama, na mnajua nilisema nini? Na hasira zote zile?

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akaiona bahasha. Akavua kofia.

"Ulisema imeenda."

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai! Kwa nini, baba? Kwa nini uliandika vile halafu ukaifungia?"

Alipojibu hakuniangalia.

"Damas kaondoka. Gideoni kaondoka. Castory kaondoka. Ajira hakuna. Nikikuachia wewe, visima hivi vibaki na nani?"

"Mimi nina miaka thelathini mwezi wa kumi na moja!"

"Nilisema nitaituma wiki ijayo. Kila wiki nikasema hivyo. Pampu ya kule inakufa, naona ngoja kwanza arekebishe hii..."

"Na mimi je?"

Dorothea alikuwa kwenye korido, amesikia yote. Nikatoka.

Najua mnataka niseme niliacha kazi, nikamfuata Castory, nikatajirika, nikarudi na gari kumwonyesha. Ingekuwa simulizi tamu hiyo. Lakini kesho yake asubuhi ililetwa taarifa kwamba pampu ya Bahi imezima, watu wanachota kwenye madimbwi pamoja na mifugo. Bahi, kwetu. Nikapanda Landrova, nikaenda.

Nilichoka, wadau. Sio mwili. Nilichoka kule ndani kabisa mahali pa kutaka vitu.

Miaka mitatu nikafanya kazi na yule mzee bila kumpa neno zaidi ya shikamoo asubuhi na kwaheri jioni. Mengine yote niliyapitisha kwa Dorothea. Mwaka 1997 akastaafu. Akanikabidhi ofisi, majalada, na ufunguo wa droo. Nikaupokea ufunguo, nikasema asante, yakaisha.

Nilijiapiza kwamba mimi sitakuwa kama yeye. Kila aliyetaka kunisikiliza nilimhadithia alivyonifanyia.

Mwaka 1999 ajira zikafunguka kidogo, nikaletewa Sila. Kijana mrefu, mkimya, anayeuliza swali moja kwa siku, na ni swali zuri. Baada ya miezi sita alikuwa anasikiliza mabomba kama mimi. Baada ya mwaka nilikuwa namwachia wilaya nzima naenda likizo. Likizo! Sikuwa nimepumzika tangu nianze kazi.

Mwaka 2001 akaniletea bahasha.

"Mama, shikamoo. Nimepata nafasi ya kuomba masomo, Ujerumani. Naomba uipitishe."

"Maji ya ardhini?"

"Ndiyo, Mama. Nataka nijue hii chumvi inatoka wapi."

Nilifurahi! Naapa nilifurahi. Siku ile ile nikaandika maoni, nikasaini, nikagonga mhuri. Niliandika maneno mazuri kuliko niliyowahi kuandikiwa.

Ila siku ile kulikuwa na mashine imezimika kule bondeni, na Sila ndiye alikuwa anaijua. Nikasema nitampa Dorothea wiki ijayo.

Wiki ijayo ikaja na mashine nyingine.

Mmeshaelewa, eeh? Mimi sikuelewa. Nawaambia ukweli, miezi miwili ikapita na sikuona kitu. Nilikuwa nafungua ile droo kila siku kuchukua rula.

Siku moja asubuhi Sila akaingia amevaa shati la kanisani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, Sila. Ile barua yako imeshaenda, tuombe Mungu."

Yakatoka tu hivyo, yenyewe, bila kupangwa.

Sila akasema kwa upole, "Mama, mimi naondoka Jumapili."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Ujerumani. Niliomba mwenyewe kwa intaneti, pale kafe ya mjini. Wakasema barua ya mwajiri si lazima. Wamejibu wiki iliyopita."

"Sasa... mimi uliniletea ile ya nini?"

"Wewe ndiye umenifundisha kazi. Nilitaka niondoke na ruhusa yako."

Nilitafuta neno la hongera. Nilikuwa nalo, lilikuwa mdomoni. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema:

"Nikikuachia wewe, Sila, visima hivi vibaki na nani?"

Dorothea alikuwa anapita kwenye korido na majalada. Akasimama. Akaniangalia. Yeye peke yake ndiye aliyesikia maneno yale mara mbili, kwenye ofisi ile ile, miaka saba katikati.

"Mama," Sila akauliza, "kwa hiyo imeenda?"

Nikavuta droo. Nikatoa bahasha, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akasoma nilivyomwandikia, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni.

"Asante, Mama."

Akaondoka. Hakunitukana, hakupandisha sauti. Wala hajaniandikia mpaka leo.

Jumamosi ile nikaenda kijijini Hombolo. Mzee Bartolomayo alikuwa shambani kwake, amepiga magoti kwenye mizabibu, anaziba mpira wa maji uliotoboka. Alikuwa amekonda. Tangu astaafu sikuwa nimemtembelea hata mara moja.

"Shikamoo, baba."

Ile "baba" ndiyo iliyomshtua. Akanyanyua uso, akanitazama muda mrefu, mpira mkononi unachuruzika.

Akauliza swali moja tu.

"Umeweka barua ya nani?"

Nikakaa chini pale pale kwenye udongo, na sketi yangu ya safari, nikalia. Yeye akaendelea kuziba mpira wake. Baadaye akasema, "Miaka mitatu nilingoja unitukane. Ukawa unaniamkia tu kila asubuhi. Ile ndiyo iliniua."

Tulikula zabibu, hatukuongea sana. Nilirudi kwake kila mwezi mpaka alipofariki.

Sasa jibu lenu.

Nisome masta, niende kwa mkandarasi, nifungue duka, niende benki? Wanangu, sijui. Damas wa benki amezeeka vizuri. Castory alisajiliwa kuwa mhandisi kamili, ana kampuni yake. Gideoni spea zake zimesomesha watoto watano. Hata mimi niliyebaki, kuna vijiji vinakunywa maji kwa sababu nilibaki. Hakuna njia kati ya hizo ninayoweza kuwaambia ni mbaya.

Ila ukishachagua, usimpe mtu bahasha yako ukaenda kukaa. Hata kama mtu huyo aliwahi kukubeba mgongoni. Hasa huyo. Uliza imefika lini, ameipokea nani. Ukiona kimya, usikimbilie kusema huna akili. Kimya chaweza kuwa kiko droo ya pili kushoto, chini ya funguo za stoo.

Na ninyi wakubwa wenzangu mnaosoma hapa, mnaowapenda hawa vijana kweli kabisa, mliokwishaandika maneno mazuri na kusaini na mnangoja tu wiki itulie... haitulii. Mimi nimeingoja miaka thelathini.

Nyanyuka sasa hivi, fungua hiyo droo, itume. Itume kabla kijana wako hajaingia asubuhi amevaa shati la kanisani, akakuamkia.