Lugano Ataangalia Wapi?

Sekela ana mdogo wake. Mdogo wake anaitwa Lugano. Alizaliwa juzi.

Lakini Sekela bado hajamwona. Na Lugano hajamwona Sekela! Yuko na Mama, hospitali, kule mjini.

"Leo tunawafuata," Baba akasema. "Tunakwenda na pikapu."

Sekela akaruka juu. "Nataka aniangalie mimi! Aniangalie njia nzima!"

Pikapu ya Baba ni nyekundu. Nyuma inabeba ndizi. Ndani ina viti vya watu, vya mbele na vya nyuma.

Ngrii! Ngrii! Simu ya Baba ikalia. Ni Mama.

"Baba Sekela, kile kiti cha mtoto cha garini umeshakifunga?"

"Ndiyo nakifunga."

"Kiangalie nyuma. Na kisicheze. Kikicheza, mimi na mwanangu hatupandi!"

Baba akacheka. Kisicheze? Anayefunga ni nani? Baba ni bingwa wa kufunga mizigo! Anafunga ndizi. Anafunga viazi. Siku moja alifunga kabati, kitanda na mbuzi wa mwalimu, vyote pamoja, na hakikuanguka kitu. Mbuzi tu ndiye aliyelalamika.

Baba akachukua mpira wake wa kufungia mizigo. Ni mweusi, mrefu, na unavutika. Akaweka kiti cha mtoto kwenye kiti cha nyuma, akauzungusha mpira. Vuta! Kaza! Fundo la kwanza. Fundo la pili.

Kiti kikaangalia mbele.

"Baba, Mama amesema kiangalie nyuma," Sekela akasema.

Bibi akasikia. Bibi ni mama yake Baba, na masikio yake husikia kila kitu.

"Kiangalie nyuma? Mtoto atupe mgongo? Jamani, tumemkosea nini? Mwacheni mjukuu wangu aone njia!"

Baba hakutaka kubishana na mama yake. Kiti kikabaki hivyo hivyo.

Sekela akakishika kiti kwa mikono miwili.

Tikisa, tikisa!

"Kinacheza!"

"Kidogo tu," Baba akasema. "Haya, tujaribu."

Sekela akachukua boga jikoni kwa Bibi. Akalichora macho kwa mkaa. Akalichora mdomo unaocheka. Akalifunika kanga.

"Kaa hapa, Boga. Leo wewe ndiye Lugano."

Gurr, gurr, gurr. Pikapu ikazunguka uani polepole. Sekela na Bibi wakatazama wakiwa mlangoni.

Mara kuku akakatiza. Krii! Baba akakanyaga breki.

Mpira ukavutika. Kiti kikainama. Boga likabingirika... puu!

Sekela na Bibi wakakimbilia pikapu. Boga lilikuwa sakafuni, kanga huku, lenyewe kule. Hakuna aliyecheka.

"Angekuwa Lugano, je?" Sekela akauliza kwa sauti ndogo.

Baba akafungua fundo la kwanza. Akafungua fundo la pili.

"Mpira ni wa ndizi," akasema. "Mtoto anataka mkanda."

Akakigeuza kiti. Sasa kikaangalia nyuma.

Sekela akachungulia. Lo! Mbele ya kiti cha mtoto hakuna dirisha. Hakuna njia. Kuna mgongo wa kiti kikubwa tu.

Sekela akamgeukia Baba.

"Hataona kitu, Baba. Hataniona mimi." Chozi likamdondoka.

Baba akachuchumaa. Akaweka kiganja chake nyuma ya shingo ya Sekela.

"Shingo yako ina nguvu. Ya Lugano bado laini. Akikaa hivi, nikikanyaga breki, kiti kinamshika kichwa na mgongo. Kama mkono wangu hapa. Umeona?"

Sekela akafuta chozi. Alielewa. Lakini alisikitika.

Baba akapitisha mkanda wa gari kwenye kiti. Klik!

Sekela akashika pale mkanda unapopita.

Tikisa, tikisa!

"Kinacheza!"

Baba akavuta mkanda. Hfff!

Tikisa, tikisa!

"Bado kinacheza!"

Jasho likamtoka Baba. "Nikikandamiza kiti, siwezi kuvuta. Nikivuta, siwezi kukandamiza!"

"Nipisheni," Bibi akasema.

Akakaza kanga kiunoni. Akapanda kwenye pikapu.

"Mama, utaanguka!" Baba akasema.

"Wewe vuta mkanda. Maneno baadaye."

Bibi akaweka goti lake kwenye kiti cha mtoto. Goti la Bibi si mchezo! Akakandamiza. Mmm! Baba akavuta. Hfff! Akavuta tena. Hfff! Mkanda ukakaza kabisa.

Sekela akashika kiti. Akakusanya nguvu zake zote.

Tikisa, tikisa!

Pikapu nzima ikatikisika! Lakini kiti kikatulia tuli.

"Hakichezi!"

Wakamrudisha Boga kwenye kiti. Wakamfunga mikanda ya mabegani, ingawa Boga hana mabega. Gurr, gurr, gurr. Krii! Boga halikwenda popote. Likabaki linacheka.

Bibi akapangusa mikono. "Basi, akitaka kutupa mgongo, atupe tu."

Baba na Sekela wakaenda mjini. Boga likabaki na Bibi.

Mama alikuwa anawasubiri mlangoni pa hospitali. Kifuani amebeba furushi jeupe. Furushi likapiga chafya. Chya!

"Lugano!" Sekela akasema.

"Subiri kwanza," Mama akasema. Akampa Baba mtoto. Akainama ndani ya pikapu. Akashika kiti.

Tikisa, tikisa!

"Hakichezi," Mama akasema. Akatabasamu. "Haya, twende nyumbani."

Akamlaza Lugano kwenye kiti chake. Akamfunga mikanda ya mabegani. Klik! Mama akakaa mbele, pamoja na Baba.

Sekela akakaa kwenye viti vya nyuma, juu ya kiti chake kidogo cha kumnyanyua ili mkanda umkae vizuri. Akafunga mkanda wake. Klik! Akainamisha kichwa. Hakutaka kutazama kiti cha Lugano. Alijua ataona mgongo wa kiti tu.

Gurr, gurr, gurr. Pikapu ikaondoka.

"Ngeee," kitu kikalia pembeni yake.

Sekela akageuza kichwa.

Macho mawili! Macho mawili meusi, madogo, yanamtazama!

Lugano alimpa mgongo Baba. Alimpa mgongo Mama. Alizipa mgongo njia, migomba na ng'ombe wote wa njiani. Lakini uso wake ulikuwa kwa Sekela.

"Ananiona!" Sekela akapiga kelele. "Nyinyi mnaangalia huko, yeye anaangalia huku! Ananiangalia mimi!"

"Njia nzima?" Baba akauliza.

"Njia nzima!"

Kweli, ilikuwa njia nzima, isipokuwa pale Lugano aliposinzia. Hapo Sekela alimwangalia kwa niaba ya wote wawili.

Nyumbani Bibi alimpokea mjukuu wake kwa vigelegele. Wakala ndizi. Boga halikupikwa. Nani angemla mtu aliyemsaidia Lugano?

Kisha giza likaingia. Mvua ikaanza kunyesha juu ya bati. Tiririri.

Bibi akaja kumfunika Sekela blanketi. Akashangaa.

"Mbona mto uko miguuni? Umelala kinyume, wewe!"

Sekela akanyoosha kidole. Upande ule wa chumba, Lugano alikuwa amelala karibu na Mama.

"Nimegeuka, Bibi. Tunaangaliana."

Bibi akacheka kimya kimya. Akashika kitanda cha Sekela.

Tikisa, tikisa.

"Hakichezi," Sekela akasema, macho ameyafumba.

Akalala.