Masikio ya Kibarua

Haya yote ni kweli tupu. Tena ni kweli ambayo haijatokea bado, kwa hiyo hakuna shahidi wa kuipinga.

Mwaka wenyewe ni 2093, mahali ni Iyunga, Mbeya, kwenye kituo kinacholisha saruji mashine za kuchapa majumba. Saa mbili asubuhi tela la tangi lenye tani sitini lilijileta bila dereva, likasimama chini ya silo, ghala la saruji lililo refu kama mnara. Roboti mwenye mikono minne akaunga bomba la mpira, akafungua valvu, na kompresa, mashine ya kusukuma hewa, ikaanza kunguruma. Hewa ikapenya chini ya saruji kupitia kitambaa kigumu kilichotandikwa tumboni mwa tangi, na ule unga mzito ukalegea ukawa kama maziwa. Ukapanda wenyewe bombani, mita arobaini, hadi juu ya silo. Hakuna aliyeshika koleo.

Roboti huyo waliyemwita Kibarua alikuwa mwigaji. Wa aina yake hawaandikiwi maagizo. Hupewa mwalimu wa kibinadamu, wakamtazama miezi sita, wakafanya afanyavyo. Leo ilikuwa siku ya mtihani. Akifaulu, akili yake ingenakiliwa kwa roboti mia nne, toka Tunduma hadi Tanga.

Mwalimu wake alikuwa Mzee Andongwisye Mwambene, mtu wa miaka thelathini na saba kwenye matela na wa maneno mengi kuliko saruji aliyoshusha. Alidai anaweza kusikia punje moja ikigonga ukingo wa bomba. Alidai aliwahi kusimama Makambako akasikia tela linavuja Njombe. Lwitiko, fundi wa vichujio, alipothubutu kucheka, aliambiwa kwamba yeye masikio amewekewa ili kofia isimfunike macho.

Ukweli ni kwamba Mzee Andongwisye alikuwa hasikii, huu mwaka wa tisa. Kompresa ilianza kumchukulia sauti nyembamba, ndege na filimbi, kisha ikamchukulia wajukuu zake. Maneno aliyasoma midomoni mwa watu. Kwenye vipimo vya masikio vya kila mwaka alitazama kivuli cha kidole cha muuguzi kwenye kioo cha dirisha. Kikibonyeza kitufe cha sauti, naye anainua mkono. Na kazini alitumia kiganja. Bomba lililojaa hutulia na kutetemeka kwa uzito. Tangi linapokaribia kuisha, bomba huwa jepesi na kuanza kurukaruka. Kiganja kilimtosha. Lakini wakijua, kibali cha kazi kinakwenda, na bila kibali angebaki mzee mmoja kiziwi kwenye nyumba ya vyumba viwili. Kituoni angalau alikuwa mtu.

Injinia Tusekile, msimamizi wa mtihani, alisimama kwenye geji. Presha haikuvuka kiwango. Kibarua aliweka kiganja bombani, akainamisha kichwa upande kama mwalimu wake, na injinia akatabasamu.

Ndipo kichujio cha juu ya silo kikaziba. Hewa iliyokosa pa kutokea ikaanza kujipenyeza kwenye valvu ya usalama kwa mluzi mwembamba, ule unaotangulia silo kupasuka. Watu wote uwanjani wakainua nyuso. Wawili tu hawakuinua: Mzee Andongwisye na Kibarua.

Lwitiko alikimbia akafunga valvu ya bomba, akaizima kompresa. Vumbi la kijivu likashuka polepole likatua mabegani mwao.

Injinia akaunganisha kibao chake kwenye kifua cha roboti, akasoma kwa muda mrefu. Masikio ya Kibarua, yote manne, yalikuwa mazima, ila yeye mwenyewe aliyazima tangu wiki ya pili ya mafunzo. Injinia alidhani ni kosa la kiwandani, akasema yatabadilishwa mchana huohuo na mtihani urudiwe.

Mzee alizisoma habari hizo midomoni mwa injinia, na moyo ukamtulia. Lawama imepata pa kwenda. Kisha akaona macho ya injinia yanahama, yanatazama nyuma yake, yanarudi usoni kwake na kusubiri. Na ya wengine hivyohivyo. Akageuka. Lwitiko alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mgongoni kwake.

“Umesema nini?” mzee akauliza.

“Nimesema viatu vyako vinaungua, Mzee Mwambene,” akajibu Lwitiko. “Hii ni mara ya tatu.”

Mzee akatazama viatu. Vilikuwa vizima. Kuna waliocheka, wakaacha haraka.

Angeweza kutunga jambo. Alikuwa nalo tayari mdomoni, la nta masikioni na daktari wa Tukuyu. Lakini Kibarua alikuwa ameinamisha kichwa naye, anakagua miguu yake ya chuma.

“Msimnakili,” mzee akasema. “Aliyazima kwa sababu aliona mimi siyatumii. Mtapata mia nne kama mimi, na silo haziishi kupasuka.” Akatoa kibali mfukoni, akamkabidhi injinia mwenyewe, bila kuombwa.

Injinia alimweleza taratibu, uso kwa uso, kwamba mwigaji habadilishiwi mwalimu bila kufutwa kila alichojifunza, na kiganja kile kilikuwa kizuri mno kufutwa. Kama mzee anataka kulipia kosa lake, atalipia hapohapo uwanjani.

Kwa hiyo kuanzia kesho yake, ili Kibarua amwone mwalimu wake akiitikia sauti, Lwitiko alikaa juu ya silo na filimbi. Kila alipoipuliza aliinua mkono, na Mzee Andongwisye aliyekuwa akimchungulia kwa pembe ya jicho aligeuza uso juu, upesi, kama mtu aliyesikia. Mara mia mbili kwa siku. Shingo ikauma. Wapita njia walidhani anangoja mvua. Hakuwa na hadithi ya kuwapa. Midomo ilikuwa na kazi ya kuhesabu. Kando yake Kibarua alimtazama, na siku baada ya siku hakuinua kichwa hata mara moja mpaka mwalimu ainue.

Siku ya kumi na moja mzee alikuwa amemkazia macho Lwitiko, ambaye filimbi ilikuwa tayari mdomoni lakini mkono wake bado pajani, alipoona kivuli cha chuma kinasogea. Kibarua alikuwa ameinua uso.

Mzee Andongwisye akakiweka kiganja chake bombani, naye akatazama juu.