Kisigino cha Lalla Rkia

Kila alfajiri mjini Salé, Zhor alifika mlangoni kwa Lalla Rkia, yaani Bi Rkia. Hakugonga. Aliita tu:

"Kitendawili!"

"Tega!" Rkia alijibu kutoka ndani, huku akifunga kamba za viatu.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane. Yeye, Zhor na wanawake wengine wawili walitembea haraka haraka kando ya mto hadi darajani, kisha wakarudi. Walipiga umbea, wakacheka. Baadaye Rkia alirudi kwake, akafunga mlango, na nyumba ikanyamaza. Binti yake aliishi Uholanzi na alipiga simu Jumapili. Ijumaa Rkia alipika kuskusi ya mtu mmoja, akaila peke yake. Saa ile moja ya mtoni ndiyo iliyokuwa siku yake.

Ramadhani ilipita bila matembezi. Idi ikaja na vijikeki vya lozi, naye hakuviacha. Basi akataka kufidia. Wenzake waliporudi, yeye aligeuka akaenda darajani mara ya pili. Alifanya hivyo kila siku, kwa viatu vya miaka minne ambavyo soli zake zilikuwa zimelika upande.

Wiki ya pili, aliposhuka kitandani, kisigino cha kulia kilimchoma kama amekanyaga msumari. Akashika ukuta. Baada ya hatua chache maumivu yakapungua. Lakini alipoketi kunywa chai kisha akainuka, yakarudi.

Akaenda hamamu, bafu la mvuke la mtaani. "Nikandamize hapo kwa nguvu zako zote," alimwambia mama msuguaji. Yule mama, mnene wa haja, akapanda na kusimama juu ya kisigino. Kesho yake Rkia hakuweza kukanyaga.

"Kitendawili!" Zhor aliita.

Rkia alijifunika shuka. Aliona haya. Awaambie amezeeka?

"We Rkia! Umeolewa ukatuficha?"

Wakacheka, wakangoja. Kisha nyayo zao zikaenda.

Siku ya sita hakuna aliyeita. Rkia alikuwa macho, akisikiliza kichochoro kitupu.

Ijumaa, jirani wa ghorofa ya juu alishuka kurudisha sahani aliyoazima, juu yake ameweka zeituni. Alikuwa Touria, mtaalamu wa tiba ya viungo katika zahanati. Alimwona Rkia akija kwa ncha za vidole.

"Lalla, unacheza ngoma gani hiyo?"

"Kisigino, mwanangu. Asubuhi ndiyo kinaniua."

Touria akauliza maswali, Rkia akamweleza yote, hata ya hamamu. Touria akaubonyeza unyayo taratibu. "Chini ya mguu kuna ukano mpana kama utepe," alisema. "Umetoka kisiginoni hadi vidoleni, unashikilia mguu wako. Uliongeza mwendo ghafla, ukauchosha. Usiku unakakamaa. Asubuhi unapokanyaga, unavutwa."

"Lakini nyumbani naupumzisha. Navaa hizi." Rkia alionyesha sapatu zake za ngozi, bapa kama mkate.

"Hizo? Ni sawasawa na kutembea peku juu ya vigae! Nyumbani vaa viatu laini vyenye soli nene. Na yule mama wa hamamu asikukanyage tena."

"Basi nikae tu? Nisitembee?"

"Tembea kidogo, usipoumia sana. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, uhesabu hadi thelathini, mara tatu. Kisha sukuma ukuta kwa mikono, mguu mbovu nyuma, kisigino chini, hadi shavu la mguu livutike. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, uifunge kitambaa. Na viatu vipya. Lakini uwe na subira, huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Mguu ukivimba au ukifa ganzi, wewe ukipata homa, au mguu ukiuma hata umelala, nenda kwa daktari."

Akanyanyuka. Mlangoni akageuka. "Na wenzako umewaambia?"

Rkia akaipeleka sahani jikoni.

Jioni ile alimpigia Zhor. "Tuliacha kuita," Zhor akasema, "tulidhani umetuchoka."

"Mimi? Niwachoke nyinyi? Mguu tu, dada."

Wiki zikapita polepole. Rkia alisukuma ukuta peke yake, asubuhi na jioni, akihesabu kwa sauti ili nyumba isikie mtu. Wiki ya nne alishuka kitandani bila kushika kitu. Wiki ya nane alimwomba Zhor ampitie tena, na siku hiyo akafunga kamba za viatu vipya kabla hakujapambazuka, akakaa nyuma ya mlango.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Watumishi wangu wawili hunibeba kutwa, nami shukrani yangu ni kuwakanyaga."

"Visigino!" Rkia alifungua mlango. "Na sasa nawashukuru. Leo nafika benchi la kwanza la mtoni tu, jamani. Darajani nendeni wenyewe."

"Daraja halihami," alisema Zhor, akamshika mkono. "Leo sote tunaishia kwenye benchi."